Nani Ataitikia? Simu na Kompyuta Katika Zahanati Zetu

Haya ni maneno ya muuguzi mmoja aliyealikwa kuzungumza na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Vikundi hivyo vilikuwa vinabishana kama inafaa kufanya harambee ya kununua kompyuta na simu za zahanati. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika visome na kujadili.

 

Barua yenu ilikuwa na swali moja tu: "Tuchange au tusichange?" Mlisema kuna vikundi vinavyotaka zahanati ipate kompyuta na zile simu kubwa ambazo watu huziita tableti. (Si tableti za kumeza! Hizi ukimeza utajuta.) Wengine nao wanasema afadhali pesa hizo ziende kwa tangi la maji. Sitajibu ndiyo au la saa hii. Kwanza tuangalie watu waliofanya utafiti waliona nini, hasa hapa kwetu Kenya na kwa majirani zetu wa Tanzania. Mwishoni nitasema ninavyoona mimi, halafu ninyi mtakata shauri wenyewe, kwa maana pesa ni zenu.

SHIDA YENYEWE NI NINI?

Tuanze na kazi ya zahanati. Ni asubuhi, watu hamsini au sitini wamepiga laini. Mhudumu ni mmoja, wakizidi sana ni wawili. Mama anaingia na mtoto mwenye joto jingi. Mhudumu anatakiwa kuuliza: Mtoto ananyonya au anakunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea sana, haamki vizuri? Hizo ni dalili za hatari. Halafu ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 ni mara 40 au zaidi. Kama pia anakohoa, huenda ni nimonia. Bado kuna kupima malaria, kupima uzito, kuangalia chanjo, kupiga hesabu ya dawa kulingana na uzito, na kumweleza mama jinsi ya kuitoa. Yote hayo kwa dakika chache, na nje watoto wengine wanalia.

Mhudumu huyu si mjinga wala si mvivu. Haya yote aliyasoma chuoni. Lakini mtu ni mtu. Akifika kwa mgonjwa wa arobaini amechoka, na jambo moja linamponyoka. Jambo hilo moja laweza kuwa uhai wa mtoto.

Mwaka 1976 daktari mmoja wa mji wa Indianapolis, Marekani, jina lake Clement McDonald, alichapisha utafiti juu ya shida hii hii. Kompyuta ilipitia rekodi za wagonjwa na kumtolea daktari karatasi ya kumkumbusha: mgonjwa huyu anahitaji kipimo fulani, dawa ile ibadilishwe. Madaktari walipokumbushwa walichukua hatua mara 51 kati ya 100. Wasipokumbushwa, mara 22 tu. Na madaktari walikuwa ni wale wale! McDonald alisema kosa si kwamba hawajui. Ni kwamba kichwa cha binadamu hakiwezi kubeba mambo mengi hivyo kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo. Kompyuta katika matibabu ni kama katibu wa kikundi. Katibu hasemi kikundi kifanye nini. Yeye anafungua kitabu na kusema, "Mwenyekiti, mwezi uliopita tulikubaliana hivi, na bado hatujafanya." Katibu mzuri anaokoa kikundi. Lakini angalieni tena hesabu ya McDonald: hata walipokumbushwa, karibu nusu ya mara hawakufanya. Kukumbusha ni jambo moja, na kutenda ni jambo jingine.

KUTOKA INDIANAPOLIS HADI MOSORIOT

Mtauliza, Indianapolis inatuhusu nini? Inatuhusu. Chuo Kikuu cha Indiana na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret vilianza kushirikiana mwaka 1989. Mwaka 2001 watu wa vyuo hivyo viwili waliweka kompyuta za kutunza rekodi katika kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi. Hiki si hospitali kubwa ya mjini, ni kituo cha mashambani kama vyetu.

Mnajua mambo yalivyo bila kompyuta. Kila chumba kina daftari lake kubwa. Jina lako linaandikwa ukifika, linaandikwa tena maabara, linaandikwa tena kwa dawa. Ukirudi baada ya mwezi, nani atapekua madaftari yote kutafuta ulipewa nini? Ndiyo maana tunanunua kile kidaftari cha shule cha kubeba hospitalini, na mtoto akikichana, historia yako yote imekwenda. Pale Mosoriot, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba baada ya kompyuta kuja, muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kwa mama aliyeacha shamba na watoto nyumbani, hilo si jambo dogo.

Kazi hiyo ilikua. Mwaka 2004 ikazaliwa programu iitwayo OpenMRS, ambayo hutolewa bure na hutumika katika nchi nyingi. Halafu kule Eldoret wakajaribu wazo la yule McDonald kwa watoto wenye virusi vya UKIMWI. Kompyuta ilitoa karatasi moja yenye habari za mtoto, na chini yake mambo yaliyochelewa: kipimo hiki hakijafanywa, dawa hii haijaanzishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Palipokuwa na vikumbusho, kati ya kazi 100 zilizochelewa, 68 zilitimizwa. Pasipokuwa navyo, 18 tu. Hiyo ni karibu mara nne.

KURA KAMA YA MERIGORAUNDI

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu mtu anaweza kusema, "Hizi namba tutaziamini vipi?" Ni swali zuri.

Kwenye merigoraundi mnapiga kura nani apokee kwanza, ndiyo mwenyekiti asipendelee dada yake. Utafiti mzuri hufanya hivyo hivyo. Watu, au vituo, hupigiwa kura: hawa wapate kifaa kipya, wale waendelee kama kawaida. Baadaye pande mbili zinalinganishwa. Bila kura, unaweza kupeleka simu kwa zahanati yenye mhudumu hodari, halafu useme simu ndiyo iliyofanya kazi. Hiyo ya watoto wa Eldoret ilipigiwa kura. Hii nitakayowaeleza sasa pia.

"MAMBO?" "SAWA." "SHIDA."

Huu ndio utafiti ninaoupenda kuliko yote, na ulifanywa hapa Kenya, kwa kliniki mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Ulianza mwaka 2007 na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Watu 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI walipigiwa kura. Nusu yao, kila wiki walipata ujumbe mfupi kwa simu kutoka kwa nesi. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja tu: "Mambo?"

Basi. Hakuna mahubiri, hakuna jina la ugonjwa, hakuna "kumbuka dawa zako". Mgonjwa alitakiwa kujibu kwa saa 48. Akiwa mzima, anajibu "Sawa". Akiwa na tatizo, anajibu "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, nesi alimpigia simu.

Matokeo? Kati ya watu 100 waliopata "Mambo?", 62 walisema wamemeza dawa zao vizuri. Upande wa pili walikuwa 50. Lakini maneno ni maneno, mtu anaweza kudanganya, kwa hiyo walipima damu pia. Wenye "Mambo?", 57 kati ya 100 virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa. Upande wa pili 48. Watu tisa zaidi kwa kila mia, kwa neno moja, na kwa ile simu ndogo ya mulika mwizi!

Sasa tusikilize vizuri. Nchini Kamerun walijaribu jambo linalofanana, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Watu 200 walihusika, na nusu yao walipata ujumbe kila wiki wa kuwatia moyo, pamoja na namba ya kupiga wakitaka msaada. Baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti ya maana kati ya pande mbili. Nchi ni nyingine na wagonjwa ni wengine, lakini tofauti moja inaonekana wazi. Kule ujumbe ulitumwa tu. Hapa nesi alikaa akingoja jibu, na jibu lisipokuja aliuliza kwa nini.

Na kuna utafiti wa Chulaimbo, karibu na Kisumu, uliochapishwa mwaka 2011. Wengine walikumbushwa kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Waliokumbushwa kila wiki walifanya vizuri: 53 kati ya 100 walifikia kiwango kizuri cha kumeza dawa, na wasiokumbushwa walikuwa 40. Na wale wa kila siku? Haikuwasaidia. Ukigonga mlango wa jirani kila asubuhi, siku moja ataacha kufungua. Kifaa kinachopiga kelele kila saa hakisikilizwi na mgonjwa, wala na daktari.

MHUDUMU NAYE AKUMBUSHWE

Si mgonjwa peke yake anayehitaji ujumbe. Mwaka 2009 watafiti walichukua vituo 107 vya mashambani, huko Pwani na magharibi mwa Kenya, wakapiga kura. Wahudumu wa upande mmoja walipata ujumbe mfupi mara mbili kwa siku, siku za kazi, kwa miezi sita. Ujumbe ulihusu malaria ya watoto: mpime uzito, mpe dozi ya kwanza hapa hapa kituoni, mweleze mama afanye nini mtoto akitapika. Na mwishoni waliongeza maneno ya kufurahisha kidogo, ili mtu asome hadi mwisho.

Watoto waliotibiwa sawasawa waliongezeka kwa karibu 24 kati ya 100. Na miezi sita baada ya ujumbe kukoma, faida ilikuwa bado ipo. Hapakuwa na kompyuta wala tableti. Wahudumu walitumia simu zao wenyewe.

KURUDI NYUMBANI BILA DAWA SI KUNYIMWA

Tuvuke mpaka twende Tanzania. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalihusu vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Vituo 20 vilipewa tableti yenye programu ya kumwongoza mhudumu hatua kwa hatua: uliza hili, hesabu pumzi, pima hiki. Pamoja na programu walipewa kifaa cha kubana kidole cha kupima hewa katika damu, na vipimo vya damu vya hapo hapo. Pia kulikuwa na watu wa kuwafundisha na kuwafuatilia.

Katika vituo vya kawaida, watoto 70 kati ya 100 walipewa antibiotiki. Katika vituo vyenye tableti walikuwa 23. Je, watoto waliokosa antibiotiki waliumia? Hapana. Baada ya siku saba, watoto ambao hawakupona vizuri walikuwa chini ya 4 kati ya 100 pande zote mbili.

Hapa nataka kusema na sisi wenyewe. Mama anaenda zahanati, mtoto ana mafua ya kawaida, mhudumu anampima vizuri na kusema, "Mpe maji mengi, endelea kumnyonyesha, ukiona dalili ya hatari rudi mara moja." Mama anatoka akinung'unika: "Nimeenda hospitali wakanipa maneno tu!" Halafu anapitia dukani na kununua rangi mbili, vidonge vinne. Mama zangu, antibiotiki huua bakteria, haiui virusi vya mafua. Tukiitumia ovyo, bakteria huizoea, na siku mtoto akipata nimonia ya kweli dawa inakataa kufanya kazi. Tableti inaweza kumsaidia mhudumu kusema "hapana". Lakini sisi tukimlazimisha, tableti itafanya nini?

MASHINE INAYOSHAURI

Vijana wataniuliza juu ya hii akili bandia inayozungumzwa kila mahali. Nayo imejaribiwa hapa kwetu. Mwaka 2025 Penda Health, wenye kliniki za Nairobi, pamoja na kampuni ya OpenAI ya Marekani, walitoa matokeo ya jaribio katika kliniki 15. Wagonjwa walifika mara 39,849. Mhudumu alipoandika habari za mgonjwa, mashine ilisoma pamoja naye na kuwasha rangi: kijani, endelea, njano, angalia tena, nyekundu, simama. Madaktari waliokagua sehemu ya rekodi waliona makosa ya kutambua ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13.

Hiyo ni habari njema, lakini tuipime. Kwanza, waliotengeneza mashine walikuwa miongoni mwa waliofanya utafiti. Mwenye duka akisifu unga wake, nunua, lakini chekecha mwenyewe. Pili, makosa yalipungua kwenye rekodi, lakini wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepona, tofauti ilikuwa ndogo mno, haikuthibitika. Tatu, na hili wenyewe walilisema, haikutosha kuiweka mashine pale na kuondoka. Ilibidi wawafuate wahudumu, wawaonyeshe, wawatie moyo. Ndipo walipoanza kuijali ile rangi nyekundu.

Mnaona? Indianapolis, Eldoret, Kajiado, Mbeya, Nairobi, tunarudi pale pale. Kifaa hukumbusha. Mtu ndiye anayeitikia.

MAMBO YANAYOHARIBU

Yako mambo manne ambayo huharibu kazi hii.

La kwanza ni mizani. Kompyuta hupiga hesabu ya dawa kwa uzito ulioandikwa. Kama mizani ya zahanati imekufa na uzito unakisiwa kwa macho, kompyuta itatoa jibu zuri sana la uongo. Mbegu mbovu haizai mahindi mazuri hata ukipanda kwa trekta.

La pili ni stima na mtandao. Siku stima ikipotea, je, kazi itaendelea kwa daftari, au watu wataambiwa warudi kesho?

La tatu ni mhudumu kuangalia kioo badala ya kumwangalia mgonjwa. Mtoto aliyelegea anaonekana kwa macho kabla hata hujabonyeza kitu.

La nne ni siri. Simu nyingi hapa ni za nyumba nzima. Ujumbe wa dawa ukisomwa na mtu asiyefaa, ndoa zinavunjika na watu wanapigwa. Ndiyo maana lile neno "Mambo?" lilikuwa la busara: halina siri ya mtu ndani yake. Sheria ya Kenya ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2019, inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Una haki ya kuambiwa zinatumika kwa kazi gani, ya kuziona, na ya kutaka zirekebishwe kama zina makosa. Mtu akiwaandikisha kwa simu, muulizeni anapeleka wapi majina yenu. Kuuliza si ukorofi.

SASA, TUCHANGE AU TUSICHANGE?

Nimeahidi kusema ninavyoona. Kama harambee ni ya kununua kompyuta tu, ikae juu ya meza pale, mimi nasema msichange. Zahanati za serikali ziko chini ya kaunti tangu mwaka 2013, na rekodi za wagonjwa lazima ziungane na za vituo vingine. Kompyuta mliyonunua wenyewe inaweza isizungumze na nyingine yoyote. Mwendeeni afisa wa afya, kamati ya zahanati ikiwa mbele, mumuulize kaunti ina mpango gani, na kituo chenu kiko wapi kwenye mpango huo.

Na pia si kweli kwamba hatuna kitu. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya wa kijijini 100,000 hivi, hawa tunaowaita CHP, pamoja na mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za nyumba wanazotembelea. Je, CHP wa kijiji chako unamjua? Umewahi kumwambia kwamba fulani mjamzito hajaenda kliniki? Simu yake haioni ndani ya nyumba. Inajua yale tu mliyomwambia.

Kwa hiyo, kabla ya shilingi moja kutoka, ulizeni maswali matatu:

1. Nani ataitikia? Mgonjwa akijibu "Shida", ni mtu gani, mwenye jina, atakayepiga simu siku hiyo hiyo? Na kredit atalipa nani?

2. Siku stima na mtandao vikipotea, kazi itaendeleaje?

3. Siri zetu zitakaa wapi, na nani atazisoma?

Majibu yakiwa mazuri, changeni kwa moyo. Lakini anzeni na vitu vidogo: mizani inayofanya kazi, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia pumzi, sola ya kuchaji simu, kredit ya nesi. Hivyo vinawezekana kwa kikundi kimoja. Na lile tangi la maji, msilitupe pembeni. Nesi asiyenawa mikono hasaidiwi na kompyuta.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Mama mmoja aliuliza: "Mimi sijui kusoma, na simu ni ya mzee. Huo ujumbe utanifaa nini?"

Jibu: Mama, swali lako ndilo linalosahaulika siku zote. Kwanza mwambie nesi mapema: simu si yangu, na kusoma sijui. Usione haya. Nesi akijua, atakubaliana nawe njia nyingine: kupigiwa saa fulani, au kupitia mtu unayemwamini wewe mwenyewe, usichaguliwe. Pili, kikundi chenyewe kinaweza kuwa ujumbe wako. Mnakutana kila wiki, si ndiyo? Kuulizana "Mambo?" hakuhitaji kredit. Lakini mwenzako akisema "Shida", usiishie hapo.

Mzee mmoja aliuliza: "Mashine ikikosea na mtu afe, nani alaumiwe?"

Jibu: Mzee, mashine haina leseni ya kutibu. Aliye na leseni ni mhudumu, na yeye ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Kwa hiyo asikubali kila kinachosemwa na kioo. Na wewe ukiona dawa ni tofauti na ile ya kila siku, uliza, "Daktari, mbona imebadilika?" Swali hilo moja huokoa watu.

Kijana mmoja aliuliza: "Kwa nini tusitumie hizo mashine kwa simu zetu, tuache kupiga laini?"

Jibu: Simu yako haiwezi kuhesabu pumzi za mtoto kifuani, wala kumtoboa kidole kupima malaria. Ukisoma kitu kwa simu, njoo nacho zahanati tukiangalie pamoja. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, usikae kubonyeza simu. Mbebe uje, hata kama ni usiku.

Nisiwaweke sana, najua ng'ombe hawajakamuliwa.

YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Zahanati yetu ina mizani ya watoto inayofanya kazi? Nani atakwenda kuiangalia wiki hii, na ataleta jibu lini?

2. CHP wetu ni nani? Je, kila nyumba ya wanachama imeandikishwa, na namba za simu ni za sasa?

3. Kati yetu, nani anameza dawa za kila siku na angependa kuulizwa "Mambo?" kila wiki? (Asilazimishwe mtu kusema mbele ya wote. Amwambie anayemwamini.)

4. Je, tumewahi kumlazimisha mhudumu atupe antibiotiki? Tutafanya nini safari ijayo?

5. Nani watakwenda kwa afisa wa afya na yale maswali matatu, na wataleta majibu mkutano gani?